Kaka anataka nikope milioni mbili tujenge bedsita karibu na Konza

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 29. Naandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya malipo hapa Nairobi, ofisi zetu ziko Westlands. Kwetu ni Makueni, upande wa Malili, na shamba alilotuachia marehemu baba haliko mbali na mji wa teknolojia wa Konza.

Shida yangu ni kaka yangu mkubwa. Kwa miaka mingi amekuwa akisema kwamba siku kampuni za teknolojia zitakapohamia Konza, sisi tutaheshimiwa. Mwaka huu maneno yamegeuka ramani. Aliileta nyumbani Pasaka ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti: bedsita 12, kila moja na choo chake, tangi la maji juu ya paa, na kwenye kona ameandika kwa kalamu nyekundu "WiFi". Hesabu yake ni kodi ya shilingi 7,000 kwa mwezi kila chumba, jumla 84,000. Yeye ataleta pesa za lori aliloliuza. Zinazopungua, shilingi milioni 2, anataka nizikope mimi kwenye SACCO ya kazini, kwa kuwa nina akiba ya 700,000 na SACCO yetu hukopesha mara tatu ya akiba. Nimeuliza: makato yatapita shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka minne.

Mama yuko upande wake. Ananiambia, "Wewe si ndiye unakaa na hao watu wa kompyuta? Waambie waje." Nilicheka, yeye hakucheka. Kaka ameongeza kwamba kwa kuwa bosi wetu huturuhusu kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, mimi niwe mpangaji wa kwanza ili wengine wanione wafuate.

Niliwauliza wenzangu ofisini, nusu kwa mzaha, kama wangehamia Konza. Mmoja akaniuliza, "Na mke wangu atafanya kazi gani huko?" Mwingine anakaa Ruaka na hata kufika Westlands ni malalamiko kila asubuhi. Wa tatu alisema angeenda kwa mshahara mara mbili, kisha akakumbuka kuongeza kwamba kila Ijumaa jioni angekuwa amesharudi Nairobi.

Lakini kaka naye si mjinga. Anasema hata Silicon Valley ya Marekani ilikuwa mashamba ya matunda. Nimesoma, ni kweli. Anasema faiba imefika Konza, umeme upo, kituo cha data cha taifa kipo, na chuo kikuu cha teknolojia kinakuja kwa mkopo wa Korea Kusini. "Sasa hao watu wako wanangoja nini?" Mjomba, mimi niliye ndani ya kazi hii sikuwa na jibu. Hizi kampuni hufuata nini hasa? Na nitamkataliaje kaka, ikiwa ni wa kukataliwa, bila nyumba yetu kugawanyika?

Binti wa Malili, Nairobi

* * *

Marahaba, mpwa.

Usikope. Natanguliza jibu kwa kuwa najua kikao cha familia kinakungoja. Sababu zinafuata, na utazihitaji zote.

Tuanze na hayo mashamba ya matunda, maana ndiyo hoja nzito zaidi ya kaka yako. Ni kweli bonde la Santa Clara lilijaa miti ya plamu na aprikoti. Mwaka 1956 William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista (kile kidude kidogo cha kuongoza umeme ndani ya redio na kompyuta), alifungua maabara yake Mountain View, katika bonde hilo hilo. Kazi yake ya awali ilikuwa upande wa pili wa Marekani, New Jersey, na angeweza kubaki huko. Moja ya mambo yaliyomvuta ni kwamba mama yake mzazi aliishi Palo Alto, hapo jirani, na afya yake haikuwa nzuri. (Msimulie mama yako hili kwanza kabla ya mengine. Litakufungulia mlango.)

Ila mama wa Shockley peke yake hangeleta viwanda. Jirani palikuwa na Chuo Kikuu cha Stanford, na ndani yake profesa Frederick Terman, mtu aliyechoka kuona wanafunzi wake wakihitimu na kupanda treni kwenda kutafuta kazi pwani ya mashariki. Ndiye aliyewasukuma William Hewlett na David Packard kuanzisha kampuni yao papo hapo mwaka 1939. Kuanzia 1951 chuo kikaanza kukodisha ardhi yake kwa kampuni. Na wizara ya ulinzi ilikuwa ikinunua vifaa vya elektroniki kwa pesa nyingi kwa muda mrefu. Kwa hiyo Shockley alipofika, palikuwa na wahandisi, wateja na chuo. Miti ya plamu ilikuwepo tu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameikata bado.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni iliyofuata. Shockley alikuwa bosi mgumu. Mwaka 1957 wafanyakazi wake 8 walimwacha kwa pamoja wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor. Mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaiacha Fairchild wakaanzisha Intel, kampuni ya chipu za kompyuta. Walibadilisha ajira bila kuhama bonde. Na sheria ya California ilikuwa ikiwalinda: tangu 1872 mkataba wa kumzuia mtu kwenda kufanya kazi kwa mshindani wa mwajiri wake haushiki katika jimbo hilo. Mtu aliondoka na ujuzi wake kichwani, akauhamishia barabara ya pili.

Kumbe mhandisi anapochagua pa kuishi anatazama pia kazi ya pili na ya tatu, zile ambazo bado hajaziomba. Kampuni changa hufa, tena nyingi. Ikifa ya kwako Ijumaa hapo Westlands, Jumatatu utakuwa umepigiwa simu na mtu mliyesoma naye ambaye yuko kampuni nyingine Kilimani, na nyumba yako ni ile ile. Ikifa mahali penye mwajiri mmoja, umepoteza kazi na makazi siku hiyo hiyo. Mwenzako aliyeuliza mke wake atafanya kazi gani hakuwa anakwepa swali lako. Hesabu yake ni hiyo hiyo, ila ya watu wawili: yeye anataka kazi ya pili ikifa ya kwanza, na mkewe pia anataka yake, labda ya ualimu, labda ya benki. Kampuni nazo zinaijua hesabu hiyo. Haziendi mahali ambapo zitamlipa kila mtu fidia ya kukubali kuja.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu kaka yako anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani.

Kama nyaya ndizo zingekuwa zinavuta kampuni, mji mkuu wa teknolojia Kenya ungekuwa Mombasa. Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua pale pwani na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti. Watu wa Nyali waliiona kebo kabla ya mtu yeyote wa Kilimani. Lakini kampuni zilikaa wapi? Zilisubiri faiba ipande hadi Nairobi, kilomita karibu 480. Sijawahi kumsikia mwanasiasa akilitaja jambo hili anapozindua mtambo wa intaneti mahali, na ningependa sana alitaje.

Nairobi kulikuwa na nini? M-Pesa ilianza Machi 2007, na ghafla kukawa na kazi ya watu kama wewe: kuunganisha maduka, shule, SACCO na bima kwenye pesa za simu. Kulikuwa na makao makuu ya benki, Umoja wa Mataifa pale Gigiri, vyuo kuanzia Strathmore hadi JKUAT kule Juja, na uwanja wa ndege ambao mteja wa Lagos au London anafika asubuhi. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, watu wachache waliunda Ushahidi, mfumo wa kukusanya ripoti za vurugu na kuziweka kwenye ramani. Kutokana na kundi hilo ikazaliwa iHub mwaka 2010, katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Ilikuwa ghorofa moja tu: meza, intaneti ya kasi bila malipo, na kaunta ya kahawa. Watu walipanda ngazi zile kwa sababu ya nani ameketi meza ya jirani. Aliyehitaji mchoraji wa kurasa alimpata kabla kikombe hakijaisha.

Wakubwa walikuja kuvua palipo na samaki. Google ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2007. IBM ikatangaza maabara yake ya utafiti mwaka 2012. Microsoft ikaleta kituo cha kuunda programu mwaka 2019, sambamba na kile cha Lagos. Mwaka 2022 Google nayo ikatangaza kituo cha kuunda bidhaa zake hapa. Unakumbuka kelele za kampuni ndogo wakati huo, kwamba wahandisi wao wananyakuliwa kwa mishahara ambayo wao hawawezi kulipa. Zilikuwa na haki ya kulia, lakini kilio hicho ndicho dalili kamili ya mahali pa aina hii. Nakuuliza wewe mwenyewe: kabla ya kampuni hii ulikuwa wapi, na ulisikia kwa nani kwamba kuna nafasi?

Konza sasa. Sitaki kuicheka, maana wako wanaoicheka bila kufika. Ilitokana na Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa taifa uliozinduliwa mwaka 2008. Serikali ikapata ekari 5,000 kutoka ranchi ya Malili, na Januari 2013 Rais Kibaki akaweka jiwe la msingi. Wakati ule ilitarajiwa kwamba kufikia 2015 kungekuwa na ajira 20,000 za teknolojia pale. Kaka yako amekaa Malili tangu wakati huo, kwa hiyo 2015 anaijua kuliko mimi. Kilichokuja baadaye ni barabara, mifereji, taa, na hicho kituo cha data.

Hapo kwenye kituo cha data ndipo kaka anapochanganya mambo mawili, na si yeye tu. Kituo cha data ni jengo kubwa lenye mashine nyingi na watu wachache. Kinahitaji umeme usiokatika, ubaridi, ulinzi na mafundi wa zamu. Hakiulizi shule nzuri iko wapi. Ndiyo maana Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walipotangaza Mei 2024 mpango wa dola bilioni 1 hapa Kenya, kituo chenyewe walikielekeza Olkaria, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini. Ofisi ya waandishi wa programu ni mnyama mwingine kabisa. Huyo hufuata waandishi wa programu.

Nitakuwa mwongo nikikuambia mji wa kupangwa haujawahi kujaa. Nenda Bengaluru, India. Electronics City ilianzishwa na shirika la serikali ya jimbo mwishoni mwa miaka ya 1970, kilomita kama 20 kutoka katikati ya mji, na leo imejaa. Infosys iliweka makao yake huko miaka ya 1990. Kwa hiyo ndoto ya kaka ina mfano. Lakini tazama kilichokuwa Bengaluru kabla: taasisi kubwa ya sayansi tangu 1909, kiwanda cha ndege tangu 1940, kiwanda cha simu tangu 1948. Texas Instruments ilipofungua ofisi katika mji ule mwaka 1985, mawasiliano yalikuwa mabovu kiasi kwamba ilibidi iwe na njia yake ya setilaiti. Nyaya hazikuwepo, wahandisi walikuwepo, na kampuni ikaja. Konza ina nyaya na inangoja wahandisi, tena iko kilomita zaidi ya 60 kutoka Nairobi. Hicho chuo kikifunguliwa, kikapata walimu wazuri, na wahitimu wachache wakaidi wakaamua kubaki na kuanzisha vitu vyao pale, nitabadili maneno yangu. Inaweza kuchukua miaka 15. SACCO itataka makato yake mwezi ujao.

Tushike kalamu. Makato yanapita 50,000. Kwa kodi ya 7,000 unahitaji vyumba 8 kati ya 12 vyenye watu wanaolipa, kila mwezi, kwa miaka minne, kabla hujalipa mlinzi, maji wala rangi. Halafu jiulize, mtu wa mshahara kama wako angepanga bedsita Malili? Angeendesha gari kutoka Syokimau au Athi River, au angesubiri nyumba zilizo kwenye mpango wa mji wenyewe. Mpangaji halisi wa kaka ni fundi wa ujenzi, dereva wa lori, mwalimu, mlinzi, mwanafunzi wa kesho. Hao wapo, na ni wapangaji wazuri, lakini hawahitaji maandishi mekundu ya "WiFi" na wengi wao hawatatoa 7,000. Kabla ya kikao, shuka Malili Jumamosi moja pamoja na kaka. Pitieni nyumba za kupangisha zilizopo, ongeeni na makeyateka, wale wasimamizi wa nyumba, muulize vyumba vingapi viko wazi na vimekaa wazi tangu lini. Muache kaka aulize yeye. Jibu atakalolisikia kwa masikio yake litapita yote niliyoandika.

Kuna mawili mengine ambayo hukuyataja na yananitia wasiwasi kuliko hesabu. La kwanza ni hati ya shamba. Umesema baba ni marehemu. Hati miliki ina jina la nani leo? Kama bado ni jina lake na mirathi haijafanywa, pesa zako zitajenga juu ya ardhi ambayo kisheria bado haijawa ya mtu yeyote kati yenu, na siku ndugu wengine wakijitokeza, risiti zako za SACCO hazitakusaidia sana. La pili ni kibali. Mji wa Konza ulipotangazwa uliwekewa ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka ili watu wasijenge kiholela. Shamba lenu likiwa ndani ya ukanda huo, ramani ya kaka inahitaji idhini kabla ya tofali la kwanza. Nendeni ofisi ya mipango ya kaunti na kwa mamlaka inayosimamia Konza mkaulize kwa namba ya ploti, na jibu mlipate kwa maandishi.

Kuhusu kumkatalia: usimkatalie mbele ya mama. Ni mkubwa wako, na ameuza lori. Mtu haachii lori kirahisi. Mfuate pembeni, mpe karatasi ya makato kutoka SACCO aisome mwenyewe, umwambie kwamba mkopo hutauchukua lakini hukatai shamba liendelezwe. Ajenge vyumba vitatu kwa pesa zake za lori, vya kodi ambayo mwalimu wa Malili anaweza kulipa. Wewe gharamia mirathi na kibali. Ni pesa kidogo, zinaonekana, na zinafaa hata kama Konza isipoongeza jengo hata moja. Vikijaa vitatu kwa mwaka mzima, zungumzeni vya nne na tano. Suala la wewe kuhamia uwe chambo cha wapangaji, mjibu kwa kicheko tu.

Kwa mama, hilo la "waambie waje" limekaa vibaya moyoni mwako kwa sababu anaamini una uwezo na unaunyima nyumba. Mweleze kama ulivyonieleza: uliwauliza, mmoja akasema mke wake hatapata kazi. Mama wa Ukambani aliyelea watoto bila mume analielewa jambo hilo haraka kuliko wanauchumi.

Kisha jihadhari na mlango wa nyuma. Kaka akikubali kutokukuomba ukope, anaweza kurudi wiki ijayo na fomu ya SACCO yake mwenyewe, akikuomba uwe mdhamini tu, "saini moja, dada". Akishindwa kulipa, akiba yako ndiyo itakayoshikwa. Fomu hiyo pia usiitie sahihi.

Mjomba